Mkono wa Mwisho Kwenye Ndege ya Udongo

Bupe mwanangu,

Usicheke. Najua nina miaka kumi na tisa na wewe kumi na mitatu, na mbele za watu mimi ni dada yako tu. Lakini mama alipofariki ulikuwa na miaka sita, na tangu siku ile hakuna mwingine aliyekulea. Kwa barua hii moja niache nikuite hivyo, kwa sababu nitakayoyaandika ni makosa ya mzazi. Ya dada yangekuwa madogo zaidi.

Mambo ya sweta, ya kuamka mapema na ya kumsikiliza shangazi, baba ameshakueleza, na shangazi mwenyewe atayaeleza tena. Baridi ya Mbeya utaijua ukishuka garini. Mimi nataka kuandika juu ya ile ndege.

Wewe na baba mmekwenda kwa mchungaji kuombewa safari, nami nimekaa mlangoni pa jiko, mwanga bado upo. Unajua nisivyoweza kusema. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nilikuwa natazama miguu yangu mpaka amuulize mwingine. Nimemaliza kidato cha nne na sidhani kama nusu ya darasa waliwahi kusikia sauti yangu. Watu wakasema Sekela ni mpole. Nikaizoea sifa hiyo, nikailalia kama mkeka. Sasa naona mara nyingi haukuwa upole. Ulikuwa woga, na watu wema waliupa jina zuri.

Unakumbuka siku ile mtoni? Huenda hukumbuki, ulikuwa mdogo. Mama alikuwa hajatimiza hata miezi miwili kaburini. Nilikuwa nachota maji na wasichana wa darasa langu, ukaja mbio unalia, umejikata mguu, ukaniita "mama" mbele yao. Wasichana wakaangua kicheko. Nami nikakuambia, "Mimi si mama yako, koma." Ukanyamaza palepale, damu inatoka. Tangu siku hiyo hukuniita hivyo tena. Nilipata nilichotaka, na sijawahi kujisamehe kwa hicho. Nakutajia hili kwanza ili ujue kwamba lile la ndege halikunijia ghafla kama ugonjwa. Nimekuwa mtu wa kukuacha peke yako mbele za watu kwa muda mrefu.

Sasa ndege.

Baba ndiye aliyeileta kazi ile. Yule mzee mgeni alikuwa amefikia kwenye nyumba ya wageni Matema ambako baba analinda boti, akawaona wanawake wetu wakishusha vyungu mtumbwini, akauliza kama tunaweza kufinyanga kitu ambacho si chungu. Baba akamjibu, "Binti zangu wanafinyanga chochote." Ndivyo baba alivyo, anaahidi kwa mikono ya wengine. Mgeni akaja mpaka hapa nyumbani na picha nne za ndege ya zamani ya vita. Baba yake aliirusha ndege ile ujanani mwake, katika vita vikuu. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba ameona za plastiki na za chuma maisha yake yote, na sasa anataka moja ya udongo, ya kupeleka kwenye kaburi la baba yake. Akasema, "Sitaki pambo. Nataka ndege yenyewe. Kila ribiti." Tukatazamana, mimi na wewe. Baba akatueleza kuwa ribiti ni vile vichwa vidogo vinavyoshikanisha bati kwa bati, kama kwenye boti la chuma. Mgeni angerudi baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi.

Kiwiliwili nilikijenga mimi. Nilikijenga kama mtungi mwembamba uliolazwa, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mtupu ndani. Mabawa nayo niliyatandaza mimi, nikayaunga. Hilo ni langu, na lilikuwa zuri, sioni aibu kulisema. Kisha nikachukua kijiwe cha kusugulia ili niing'arishe, na udongo mwekundu niizungushie mistari shingoni, kama tulivyofundishwa kufanya kwa kila kitu kinachotoka mikononi mwetu. Ukanishika mkono.

"Dada, ndege haina shingo."

"Ina nini basi?"

"Ina mahali inapochakaa."

Ukanionyesha. Picha zile nilikuwa nimeziangalia siku tatu na nilikuwa sijaona kitu. Kwenye mzizi wa bawa la kushoto rangi ilikuwa imechubuka mpaka chuma kinaonekana, na la kulia lilikuwa zima. "Anapanda upande mmoja tu," ukasema, "kama baba anavyopanda mtumbwi." Nyuma ya mabomba ya moshi masizi yalianza meusi yakafifia kuelekea mkiani. Na chini ya mkia kulikuwa na kiraka cha mraba, ribiti zake zimesongamana kuliko nyingine, na safu moja imepinda. Ukasema hapo risasi ilipita, wakaziba, na fundi alikuwa na haraka.

"Kwa hiyo?" nikakuuliza.

"Kwa hiyo na mimi niipindishe."

"Nani atauona mpindo wa safu ya ribiti, wewe mtoto?"

"Yule ambaye baba yake alikaa humo ndani."

Nikakiweka kijiwe chini. Nikakuachia.

Siku zilizofuata nilikutazama nikiwa napika. Maungio ya mabati uliyachora kwa uzi wa nyavu, ukiukandamiza udongo ungali na unyevu, mistari ikatoka myembamba kuliko ambavyo kisu kingeweza. Kwa ribiti ulikata bua la nyasi lenye tundu, ukaligusisha tu, likaacha kiduara chenye kichwa katikati. Moja, nyingine, nyingine, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo. Bua likilegea unalitupa unakata jipya. Kisha ukaipaka ndege yote udongo mweupe, na pale rubani alipokanyaga ukaukwangua kwa ukucha, wekundu ukatokea chini yake kama chuma chini ya rangi. Masizi ukayaweka kwenye kifuu, yasubiri mpaka itoke motoni. Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha. Mama hakuwahi kukufundisha, alikufa hujaweza kufinyanga hata kikombe cha kuchezea.

Jumatano ya wiki ya mwisho wakaja wanawake tunaochoma nao vyungu, kuitazama. Mama Tumpe alipiga magoti, akaizunguka kwa magoti hayohayo bila kuigusa. Mama yule hamsifu mtu. Akasema, "Huu ni mkono wa marehemu. Umemwendea huyu mdogo."

Mmoja akauliza, "Na Sekela je?"

"Sekela ameachiwa mwiko."

Wakacheka wote. Wewe nawe ulicheka kidogo, ukaziba mdomo. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaenda kukoroga ugali ambao hata maji yake yalikuwa hayajachemka.

Niandike wazi. Nilikuonea wivu. Miaka saba nimekusuka nywele, nimelala macho wazi ukiwa na homa, nimekosa shule siku za kliniki na siku za mvua, na kile kitu kimoja alichokuwa nacho mama ambacho nilikitaka kilikupita mbele yangu kikakuchagua wewe, bila wewe hata kukiomba. Nilidhani anayelea hawezi kumwonea wivu anayemlea. Anaweza, Bupe. Nakuambia ili siku moja ukilea ukausikia moyoni mwako, usiseme kama nilivyosema mimi, kwamba huo si wivu.

Alhamisi ulipokwenda kuokota kuni, nilikaa na ndege kivulini. Ilikuwa imeshakauka, nyepesi, imepauka. Nikachukua picha ile ya kutoka juu, nikaanza kutafuta ulichokosea. Nilitafuta kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia nilipokuwa natafuta cha kukusifu. Kwenye kiungo cha bawa nikaona safu mbili za ribiti, na wewe ulikuwa umeweka moja. Hata leo sijui kama ilikuwa safu ya pili au kivuli cha ile ya kwanza. Nikajiambia ninasaidia. Mgeni amesema kila ribiti.

Nikalowesha kitambaa, nikakilaza kwenye kiungo mpaka udongo ukalainika. Wewe ungetumia bua. Mimi nilichuma mwiba wa mlimao, nikatoboa safu yangu, tundu kwa tundu, hadi mwisho wa kiungo. Ikatoka mbaya, imezama, kama meno ya panya. Nikaificha kwa kuipaka udongo mweupe juu, na huo ulikuwa maji mengine tena. Halafu nikaisogeza karibu na mafiga ikauke kabla hujarudi. Ikakauka juu tu.

Udongo ukishakauka haurudishiwi maji. Hata mtoto anayefinyanga ng'ombe wa kuchezea analijua hilo. Nililijua nikiwa nimeshika kitambaa.

Ijumaa asubuhi uliibeba mwenyewe, umeifunga kanga, ukailaza juu ya vigae katikati ya vyungu vya wenzetu, ukapanga kuni kuizunguka. Nyasi zikawashwa. Hatukungoja sana. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Wa pili ulirusha kigae nje ya moto. Bawa la kushoto likaanguka, kiwiliwili kikafuata, na vyungu viwili vya Mama Tumpe vikapasuka pamoja nacho.

Wanawake wa moto wetu hawamuulizi mtu nani alijenga. Wanauliza swali moja tu: mkono wa mwisho ni wa nani? Wanasema udongo unavumilia kila kosa kabla haujakauka, na aliyeugusa mwisho ndiye aliyepaswa kujua kama uko tayari. Mwenye mkono wa mwisho anazoa majivu peke yake, na haleti kazi motoni mpaka wenzake wamwite.

Mama Tumpe aliuliza. Hata hakumaliza.

"Wangu," ukasema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nimeshika tawi bichi la kuchokolea moto. Nilifungua mdomo. Moshi ukaingia, nikakohoa, nikaufunga. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kilichonizuia zaidi ya hicho. Ukazoa majivu mpaka jua likawa utosini, nami nikakuletea maji ya kunywa, na watu wakaona jinsi dada alivyo na huruma.

Kuna jambo ambalo hujui, kwa sababu Jumamosi ulijificha kule kwenye mawe ufukweni, na hakuna aliyekusimulia. Mgeni alikuja. Baba alimtandikia vipande juu ya kanga, anaomba radhi kila baada ya neno. Mgeni akachuchumaa. Alikigeuza hiki, akakigeuza kile, akafika kwenye mkia uliobaki mzima. Akaupindua, akauona mraba wako. Akapitisha kidole kwenye ile safu iliyopinda, akarudi mwanzo akakipitisha tena. Akauliza, "Nani alifanya hii?" Baba akasema, "Binti yangu mdogo. Bado anajifunza, utusamehe." Mzee yule akavua miwani. Akaufunga mkia kwenye leso yake, akasema "ndaga fijo", asante sana, kama walivyomfundisha Matema, akaondoka nao. Vipande vingine aliviacha. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ningeweza kukukimbilia kule kwenye mawe nikakuambia. Sikukimbia, kwa sababu ningekuambia hilo ningelazimika kukuambia na lile.

Baba aliona aibu tu. Alikuwa ameshatangaza Matema nzima. Akasema udongo umekukataa, bora ukashike kalamu, akampigia shangazi simu. Na shangazi akakutafutia nafasi ya shule ndani ya wiki moja.

Jioni moja baada ya hapo nilikuwa nakusuka. Ulikuwa umekaa katikati ya magoti yangu, sioni uso wako. Ukasema, "Dada, nisamehe. Nimekuaibisha kwa baba, na kiwiliwili ulikijenga vizuri." Mikono yangu ikasimama kwenye nywele zako. Nikasema, "Yameisha." Nilikusamehe, Bupe. Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, nikaendelea kusuka, na ukashukuru. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo baya kuliko yote. Kesho yake ukawagawia watoto wa jirani nyuzi na mabua yako.

Leo asubuhi nilimfuata baba akiwa anashona nyavu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana.

"Baba, ile ndege. Mkono wa mwisho ulikuwa wangu. Niliilowesha."

Hakuinua kichwa. "Unataka asiende."

"Hapana, baba. Ni kweli."

"Sekela, mwanangu." Akacheka taratibu, kwa upendo kabisa. "Hujui kusema uongo, usoni inaonekana. Una moyo wa mama yako, ungejitwika kosa la kila mtu. Nenda kamfungie mdogo wako mizigo."

Basi. Nimejenga sifa yangu miaka yote hii, imara kiasi kwamba ukweli wangu mwenyewe haukuweza kupita. Nilisimama pale, nikajaribu tena, akaniambia nisimchanganyie hesabu za matundu.

Nikaenda kwa wanawake. Walikuwa wanapanga kuni, wako saba. Wewe unanijua, mimi mbele ya watu watatu nahema. Nikasalimia, "Ugonile," sauti haikutoka, nikarudia. Nikasema nilichofanya: kitambaa, mwiba, udongo mweupe juu yake. Nikasema Bupe hakuwa mkono wa mwisho.

Hakuna aliyeshangaa. Mama Tumpe aliendelea kupanga kuni.

"Najua," akasema. "Niliviokota vigae vya bawa. Tundu zilikuwa za mwiba. Mtoto yule hatumii mwiba."

"Ulijua tangu Ijumaa ile?"

"Tangu Ijumaa ile. Nikasema nisubiri uje kwa miguu yako."

"Mama, kesho anaondoka."

"Ndiyo. Umechelewa kutembea."

Nilimkasirikia. Bado namkasirikia wakati huu ninapoandika. Mtu mzima ameketi na ukweli mkononi ili mimi nipate fundisho, na wewe ukazoa majivu, na wewe ukafungiwa mizigo. Nilimwambia hivyo, Bupe. Nilimwambia, "Mama, basi na wewe ulinyamaza." Wanawake wakaacha kazi. Nilidhani atanipiga. Akaweka chini ukuni alioshika, akasema, "Nilinyamaza. Chukua ufagio."

Sitachoma nao mpaka waniite. Wengine wanasema hadi mvua za mwakani, mmoja alisema afadhali nisiitwe kabisa. Mama Tumpe ameahidi kumwambia baba, naye baba atamwamini yeye. Lakini haitabadilisha safari. Nafasi ya shule ni nzuri, na mimi mwenyewe, hata kama ningeweza kukuzuia, sijui kama ningethubutu. Kinachoniuma ni kwamba unaondoka ukiamini umefukuzwa na udongo. Hukufukuzwa. Nilikusukuma mimi, kwa kitambaa chenye maji. Nenda kwa sababu ya shule. Usiende kwa sababu ya ile ndege.

Na watu wa huko wakikuuliza unajua kufanya nini, usiwaambie hakuna. Waambie unaona mahali vitu vinapochakaa na kwa nini. Sijui kazi ya namna hiyo inaitwaje huko Mbeya. Lazima ipo.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya daftari lako, uisome ukiwa umeshafika. Nikajiona tena. Ningekuwa nimekuacha ulie kwa shangazi, mahali ambapo huwezi kunifikia, na mimi huku nikapumua. Kwa hiyo mkirudi kutoka kwa mchungaji nitakupa mkononi, kabla ya chakula. Isome. Baba akiuliza ni nini, msomee au usimsomee, ni yako. Nitakuwa nje nasugua masufuria, na sitaingia ndani kukuuliza umefika wapi. Una usiku mzima na asubuhi mpaka mtumbwi uje. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie nikiwa hapahapa, hata majirani wakisikia.

Sekela